Binti Anasoma Riwaya ya Mapenzi: Je, Tumnyang'anye?



Tumepokea suali kutoka kwa mama mmoja wa Pemba. Tumelifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha. Anasema binti yake ana miaka 20, amemaliza skuli, anaswali na anahudhuria darsa za jioni. Khaloo wake alikuja likizo kutoka Toronto akamwachia zawadi ya riwaya ya Kiingereza iitwayo Ayesha at Last. Binti ameisoma mara mbili, usiku, huku akicheka peke yake. Wiki hizo hizo ikaja posa ya mtoto wa ami yake. Baba alitaka jibu la haraka, maana hawa ni ndugu na kuwaweka ndugu mlangoni ni aibu. Binti hakukataa wala hakukubali. Alisema tu: "Nataka nizungumze naye kwanza." Baba akakichukua kitabu, akakifungia kabatini na kusema hicho ndicho kilichomharibu mtoto. Mama anauliza kama ni haramu kusoma riwaya za mapenzi, kitabu hiki hasa kina nini ndani yake, na kama binti amekosa adabu kwa maneno yale.

Tulikaa na suali hili kwa muda mrefu kuliko tulivyodhania. Sheikh wetu mkubwa kwa umri alianza kwa kusema kuwa jibu lake ni mstari mmoja: mapenzi ya vitabuni hayana kheri. Tukamuomba asubiri, kwani si uadilifu kuhukumu kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifungua. Walimu wetu wawili wa kike wakakisoma chote, sisi wengine tukafuata, na ndipo tukaandika haya.

Tuanze na kitabu chenyewe. Kilitoka Kanada mwaka 2018. Mwandishi wake, Uzma Jalaluddin, ni mwanamke Muislamu, mwalimu wa sekondari, na amewahi kuandika safu katika gazeti la Toronto Star juu ya maisha ya familia za Kiislamu. Umbo la kisa amelichukua kwenye riwaya maarufu ya Jane Austen ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, ambayo ni ya mwanamke na mwanamme wanaodharauliana kabla ya kujuana. Yeye amekihamishia kisa hicho kwa Waislamu wenye asili ya India wanaoishi mashariki ya mji wa Toronto, na sehemu kubwa yake inapita msikitini.

Ayesha ana miaka 27. Anavaa hijabu na anaishi na mama yake, ndugu yake wa kiume, babu yake na bibi yake. Moyo wake uko kwenye ushairi, lakini jamaa zao matajiri ndio waliowapokea walipohamia Kanada, na deni hilo linamlemea. Anaona lazima awe na kazi ya kueleweka. Basi anafundisha, akishikilia nafasi za walimu waliokosekana, na kazi yenyewe haipendi. Ng'ambo ya barabara anakaa Khalid. Ana ndevu, anavaa kanzu nyeupe na kofia hadi ofisini kwenye kazi za kompyuta, na anaamini kwa moyo safi kwamba mama yake atamchagulia mke na mapenzi yatakuja baada ya nikaha. Sisi tuliokulia visiwani tunamjua kijana huyu. Tunaswali naye kila Ijumaa.

Ayesha anamuona Khalid kuwa ni mkali asiyejua kucheka. Khalid anamuona Ayesha kuwa ni msichana aliyelegeza dini, kwa sababu alimkuta akisoma mashairi yake kwenye ukumbi wa starehe. Kisha wote wawili wanajikuta kwenye matayarisho ya mkutano wa vijana wa msikiti. Kazi hiyo alikuwa amepewa Hafsa, binamu yake Ayesha, mtoto wa kitajiri asiyetulia, ambaye anataka kwanza afikishe posa 100 ndipo achague. Hafsa hakutokea. Ayesha akaenda kwa jina lake ili kumsitiri, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mama yake Khalid anapeleka posa kwa Hafsa wa kweli, na Khalid anashukuru akidhani ameposewa yule aliyekuwa akifanya naye kazi msikitini. Anakuja kugundua kosa mbele ya wageni.

Hicho ndicho kilichokuwa kikimchekesha binti usiku. Na yumo bibi yake Ayesha, mpenzi mkubwa wa visa vya upelelezi, ambaye hakuna siri ya mtaa inayompita. Bwana Msa wa marehemu Muhammad Said Abdulla angempisha kiti. Sheikh wetu, yule wa jibu la mstari mmoja, aliomba asomewe tena kurasa za bibi huyu. Hatukumkumbusha alichosema mwanzo.

Lakini ndani ya kicheko hicho kuna jeraha. Khalid ana dada, Zareena. Alipokuwa msichana mdogo alikosea, na mama yao akampeleka India akaozeshwa huko, kisha jina lake likawa halitajwi nyumbani. Miaka inapita na Khalid anawasiliana naye kwa kuandikiana tu. Kijana huyu aliyejifunza dini vizuri, mwenye kushika swala zake, hajawahi kumuuliza mama yake: kwa nini? Utiifu aliouita birri kwa mzazi ulikuwa na khofu ndani yake, na mwandishi anamuonesha akijifunza kutofautisha viwili hivyo pole pole, bila ya kumvunjia mama heshima wala kunyoa ndevu zake. Ofisini mambo ni magumu pia: mkubwa wake mpya hazipendi kanzu na ndevu zake, na anatafuta njia ya kumtoa. Jamaa zetu walioko Ulaya na Amerika hawahitaji kuelezwa hali hiyo.

Ayesha naye anajifunza. Anajifunza kwamba kumfichia binamu aibu kila mara si kumpenda. Hafsa anakuja kudanganyika na kijana mwenye maneno matamu ambaye nyuma ya pazia ana mambo ya aibu, na huenda angeliambiwa ukweli mapema asingefika huko. Na ana rafiki, Clara, asiyekuwa Muislamu, anayefanya kazi ofisi moja na Khalid. Urafiki wao hautaki mmoja aiache dini yake ili mwengine aridhike, na kwa maoni yetu kurasa hizo ni miongoni mwa zile bora za kitabu.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wapo wanavyuoni waliokataa visa vya kubuni kwa hoja kwamba kusimulia lisilotokea ni uongo. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini uongo ulioharamishwa ni ule wa kumdanganya mtu aamini jambo lisilokuwa kweli, na msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kwamba Ayesha na Khalid hawapo. Imam Ibn Hajar al-Haytami, ambaye kauli yake ni tegemeo katika madhehebu yetu ya Shafii, anaeleza katika Tuhfat al-Muhtaj kwamba inafaa kusikiliza visa vya ajabu kwa kujiburudisha, hata vile ambavyo inajulikana kuwa havikutokea, ikiwa makusudio ni kupiga mifano, kuwaidhi au kufundisha ushujaa, na hata kama wanaozungumza ndani yake ni wanyama.

Ama kuhusu mapenzi kuwa ndiyo maudhui, tukumbuke Hadithi ndefu ya Ummu Zar'i iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Bibi Aisha (Radhiya Llahu anha) alimsimulia Mtume (S.A.W.) habari za wanawake 11 waliokaa pamoja wakaahidiana kutoficha chochote katika habari za waume zao. Mmoja mume wake ni mchoyo, mwengine ni mkali, mwengine analala na kula tu. Wa mwisho ni Ummu Zar'i, ambaye mume wake alimpenda, akamvisha mapambo na kumkirimu, kisha akamuacha. Akaolewa na mwengine mkarimu, lakini moyo wake haukusahau. Mtume (S.A.W.), pamoja na mashughuli yote ya ummah, alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akamwambia maneno ya mapenzi yanayotokana na kisa hicho hicho. Masheikh wanaofafanua Hadithi hii wanataja miongoni mwa faida zake kwamba inajuzu mume na mke kuzungumza visa vya burudani. Hatujui mume yeyote wa mitaani kwetu aliyewahi kumsikiliza mkewe wanawake 11 mfululizo.

Naye Ibn Hazm, faqihi wa Andalusia aliyefariki mwaka 456 Hijria (1064), aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi, Tawq al-Hamama: dalili zake, barua zake, maumivu ya kutengana. Milango ya mwisho ya kitabu hicho ni ya ubaya wa maasi na fadhila za kujizuia. Hakuona kuwa kuyajua mapenzi na kumcha Mungu ni mambo yanayofukuzana.

Hata hivyo mlango huu una kizingiti. Katika Hadithi ya Ibn Mas'ud aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) amemkataza mwanamke asimsifie mumewe mwanamke mwengine mpaka ikawa kama kwamba anamtazama. Ikiwa maneno yanaweza kufanya kazi ya jicho, basi amri ya kuinamisha macho iliyomo katika Surat an-Nur inaingia na kitabuni pia. Riwaya inayochora mwili na mambo ya chumbani haifai, iwe imeandikwa na Muislamu au asiyekuwa Muislamu, na iwe wahusika wake wanaitwa Ayesha au jina jengine. Vile vile riwaya inayoipamba zinaa ikaonekana ni ushujaa. Na katika Surat Luqman, aya ya 6, wametajwa kwa ubaya wanaonunua maneno ya upuuzi ili kuwapoteza watu. Wafasiri wamemtaja an-Nadhr bin al-Harith, aliyekuwa akiwasimulia watu wa Makka visa vya wafalme wa Kifursi ili wasiisikilize Qur-ani. Kwa hivyo kisa kinachompitisha mtu wakati wa swala kimeshageuka hukumu yake, hata kikiwa ni cha sungura na fisi.

Tukikipima kitabu cha Ayesha kwa mizani hiyo, hakina maelezo ya chumbani, na nikaha ndiyo njia ambayo wahusika wake wakuu wanaitafuta. Yapo tuliyoyakunjia uso. Kuna mchanganyiko wa wanaume na wanawake ambao sisi tusingeukubali, wawili hao mara nyengine wanazungumza bila ya mtu wa tatu, na ule ukumbi wa mashairi si mahali pa binti yetu. Mama yake Khalid naye amechorwa kwa rangi moja, nyeusi tupu, na tunadhani mwandishi angeliweza kumpa nafasi ya kujitetea. Wazazi wanaokosea kwa khofu ya aibu ni wengi, na si wote ni waovu. Msichana aliyekwisha baleghe na anayejua mipaka ya dini yake anaweza kukisoma kitabu hiki bila ya dhambi. Kwa mtoto wa miaka 12 tungesema asubiri.

Na kwa kuwa tumefika hapa, tuwaambie wazazi jambo ambalo baadhi yao hawalioni. Baba amefungia kitabu cha karatasi kilichokuwa kikisomwa mbele ya macho ya watu. Ndani ya simu za vijana wetu kuna visa vya mapenzi vya Kiswahili vinavyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kipande kwa kipande, "sehemu ya 38", na kila kipande kikikatizwa pahala pa hamu ili mtu alipie apate kinachofuata. Vingi katika tulivyooneshwa ni uchafu wa wazi ambao hatuwezi hata kuueleza hapa, na vinasomwa na watoto wa skuli chini ya shuka. Huko hakuna jalada la kumshtua mzazi. Mzazi anayetaka kuchunguza basi aanze na hayo, na achunguze kwa kukaa na mtoto, maana simu ikifichwa leo kesho itaazimwa kwa jirani.

Linabaki lile neno la binti: nataka nizungumze naye kwanza. Hili ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu, kwa sababu riwaya mtu humaliza akaifunga, na ndoa anaamka nayo kila asubuhi.

Tuseme ukweli kama ulivyo vitabuni. Madhehebu ya Shafii yanampa baba, na babu mzaa baba akikosekana, haki ya kumuozesha binti bikira bila ya kumtaka ruhusa, kwa masharti: kusiwe na uadui wa dhahiri baina yake na binti, wala uadui baina ya binti na huyo mume, mume awe ni kufu yake, na awe na uwezo wa kutoa mahari. Wazee wengi wanalijua sehemu hii ya mwanzo. Sehemu ya pili wanaisahau: vitabu hivyo hivyo vinasema kwamba kumuuliza binti aliyebaleghe ni sunna. Na katika Hadithi ya Bukhari na Muslim Mtume (S.A.W.) ameagiza bikira atakwe idhini, na akaeleza kuwa idhini yake ni kunyamaza, kwa ajili ya haya aliyonayo. Binti huyu hakunyamaza. Amesema, tena kwa adabu, na aliyesema hachukuliwi kuwa amenyamaza.

Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas kwamba msichana bikira alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamueleza kuwa baba yake amemuozesha naye hataki, na Mtume akampa hiyari. Na kisa cha Barira kilichomo katika Bukhari kinatosha kumliza mtu. Barira alikuwa mtumwa, alipoachwa huru akachagua kuachana na mumewe, Mughith. Mughith akawa anamfuata njiani huku machozi yakimdondoka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamuonea huruma na kumwambia Barira laiti angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa anamuombea tu. Akasema hana haja naye. Hakukaripiwa, na hakuna aliyesema kuna kitu kimemharibu.

Ama kuonana na kuzungumza, hilo halikuja na vitabu vya Kanada. Al-Mughira bin Shu'ba alipoposa, Mtume (S.A.W.) alimuagiza akamtazame mwanamke huyo, akaeleza kuwa hilo litazidisha uwezekano wa wao kupatana. Hadithi hiyo wameipokea Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Binamu wanaokua pamoja watu hudhani wanajuana tayari, na hapana makosa makubwa kama hilo. Wamekutana kwenye Idi na kwenye misiba, wamepeana mikono ya salamu utotoni, basi. Hajui binamu yake anataka waishi wapi, kama atamruhusu kuendelea na masomo, ana madeni gani, anaswali Alfajiri au anailala, akikasirika anafanya nini, na wataishi na mama mkwe au peke yao.

Kwa hiyo tunamshauri baba wa nyumba hii, ambaye khofu yake tunaielewa na haki yake hatumpunguzii, amuite mtoto wa nduguye nyumbani kwake. Wakae sebuleni mlango ukiwa wazi, kaka yake binti akiwepo, wazungumze hayo kwa muda wa kutosha, na ikihitajika mara ya pili. Yasiwe ya simu za usiku, kwani huko ndiko khalwa ilikohamia siku hizi. Kisha binti aswali istikhara. Na kwa upande wake binti akumbuke kwamba ami yake anasubiri. Apange siku ya kutoa jibu, wiki mbili zinatosha, na siku hiyo ikifika ajibu. Asimpime mtoto wa ami yake kwa Khalid wa kitabuni. Khalid aliandikwa na mtu aliyekuwa na nafasi ya kufuta na kuandika tena kila sentensi aliyoitamka. Huyu wa kweli huenda akaja na kikohozi, akasahau alichotaka kusema, akaangalia mkeka muda wote.

Jibu likiwa ni la kukataa, mama ndiye anayefaa kulipeleka kwa mke wa ami kabla ya wanaume kukutana, ili udugu ubaki pahala pake. Wanawake wa visiwani wanaijua kazi hii tangu zamani na hawahitaji fatwa yetu.

Kitabu kitolewe kabatini. Mama ametuandikia kwamba Kiingereza chake ni kidogo. Basi binti amsomee na kumfasiria, kipande kidogo kila siku baada ya Isha, na aanze na pale bibi anapopeleleza mtaa. Zile za Zareena azisome kwa sauti ya kawaida, wala asiipunguze baba akiwa karibu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.